Ukurasa wa Arobaini na Moja

Rafu ya chini kabisa, maktaba ya chuo, Tabora,
mahali mchwa walipoonja kabla yangu,
niliikuta: tasnifu ya taipu, jalada la kijani,
tumbo la kila herufi e limeziba wino.
Msamiati wa Warina Asali wa Sikonge, 1987.
Nyanzobe Kasubi. Jina nililisoma mara moja,
nikalifunika kwa kidole gumba, nikaanza kunakili.

Zilibaki siku nne. Msinihukumu haraka:
umeme ulikatika kila ikifika saa moja,
ada ilikuwa na deni, na mwenye steshenari
alinidai kurasa sitini na mbili.
Nikageuza neno hapa, neno pale,
"mkongwe" nikaweka "mzee",
"aghalabu" nikaweka "mara nyingi",
kama anayempaka masizi ng'ombe wa wizi
akasahau kwamba ng'ombe ana sauti.

Daktari Kalunde aliniita Jumatano.
Hakufoka. Alinimiminia chai,
akavaa miwani, akanisomea
maneno niliyoyaita yangu:

"Nikiwa na mimba ya miezi sita sikuweza kupanda.
Mzee mmoja alipanda kwa niaba yangu,
akawa ananitajia majina ya vitu kutoka juu ya mninga,
nami chini nikiyadaka kwa kalamu."

Feni ikazunguka mara kadhaa.
"Lugembe," akasema, "hongera.
Ulijifungua salama?"

Nilicheka. Kicheko kilitoka peke yake,
kikagonga ukuta, kikarudi
kikanikuta nimelowa jasho.

"Mficha uchi hazai," akasema.
"Wewe umezaa kwa uchungu wa mwingine."
Kisha, akiligusa neno mimba
kwa ncha ya kalamu nyekundu:
"Huyu wa miezi sita
ndiye anayekusahihishia."

Chai ile sikuimaliza.

Sikufukuzwa. Nilipewa sifuri, na wiki tatu.
Nikarudi kwenye rafu, safari hii
kidole gumba kikiwa mfukoni.
Nikajifunza alama za mtajo, zile ndogo
zinazoning'inia kama nyuki wawili wawili mlangoni;
nikajifunza mabano, jina, mwaka, ukurasa,
na jambo gumu kuliko hayo:
kuandika "Kasubi anasema",
halafu kutafuta, mstari unaofuata,
mimi nasema nini.
Ulikuwa mfupi sana, mstari huo.
Lakini ulikuwa na chapa yangu,
kama mikato miwili na nukta
aliyoichora Kasubi kwa mkono, ukurasa wa kumi na tisa,
kutoka mfuniko wa mzinga wa mtu wa Ipole.

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi
nikakwama tena ukurasa ule ule.
Mzee mmoja.
Mmoja nani?
Kasubi aliyeyadaka majina yote yaliyoanguka kutoka mtini,
la gome, la moshi, la nta iliyokufa,
jina moja lilimponyoka:
la mwenye kinywa.

Nikamuuliza Daktari. Alitazama dirishani.
"Mama alikwenda nalo," akasema.
"Nami sikuwahi kumuuliza."
Akaniongezea wiki moja bila kuombwa.

Nikapanda basi la Sikonge, nikashuka Ipole,
nikabisha nyumba ambazo hazikunisubiri.
Mama mmoja aliyekuwa akijaza asali kwenye chupa za soda
alinijibu bila kuinua macho:
"Miaka yote hiyo mmeyala maneno yake,
leo ndio mnamtafuta?"
Sikuwa na tanbihi ya kumjibu.
Nikamuuliza jina lake yeye. Kashindye.
Nikaliandika kwanza.

Tasnifu yangu sasa ina jalada la bluu.
Ukiikuta, pita sura zote, si nzuri sana;
shuka chini ya ukurasa wa thelathini,
kwenye herufi ndogo:

17. Kasubi (1987), uk. 41. Mtoa taarifa hakutajwa.
Niliuliza Ipole kwa siku tatu. Wawili, pamoja na
Bi. Kashindye, walisema Mlekwa.
Mmoja alisema Ngasa, akaapa.
Nimeyaweka yote mawili.
Anayejua zaidi anisahihishe.