Wino wa Ezekia

Kitabu cha Jiografia nilichopewa Matamba
kilikuwa na mwenyewe kabla yangu:
Ezekia Mbwilo, Kidato cha Pili B,
jina limechimbwa jaladani kwa ncha ya bikari.

Alisoma kwa kalamu nyekundu.
Alipopiga mstari, nikakariri.
Alipopita kimya, nami nikapita,
kama ng'ombe afuataye kwato za mwenzake
hata kama kisima kimehamishwa.

Ukurasa wa arobaini na moja, mstari mnene:
"Nchi yetu ni ya joto; maji hayagandi."
Nikaandika hivyohivyo kwenye jaribio.
Nikapata vema. Nikarudi bwenini,
nikavaa soksi mbili na sweta la kaka,
meno yakigongana kama vikombe ndooni,
wala sikuona kichekesho.

Mwalimu Tweve ndiye aliyeniuliza,
akipuliza vidole, chaki haishikiki:
"Huo wino ni wako?"
"Hapana, Mwalimu."
"Basi soma palipo peupe."

Peupe. Sentensi ya pili yake,
ambayo Ezekia hakuigusa:
"Isipokuwa nyanda za juu, mwezi Juni na Julai."

Isipokuwa.
Neno moja, na ndani yake
viazi vya mama, majani yameungua
usiku mmoja, meusi kama yamepitiwa na moto;
Kitulo yote, na sisi sote,
tumekaa ndani ya neno
ambalo hakuna aliyelikariri.

Nilitaka kumlaumu Ezekia.
Lakini yeye alipiga mstari tu.
Aliyefumba macho kwingine ni mimi.

Na kitabu je? Juni na Julai, basi?
Agosti, tarehe tisa, nikaiba sahani jikoni,
nikaiacha na maji juu ya banda la kuni.
Alfajiri nikabonyeza: kioo chembamba,
kikalia *ka*, kikakatika.
Matroni alinifokea kwa sababu ya sahani.
Nikachukua penseli, nikaandika pembeni:
"Agosti pia. Nimeona."

Usiku uliofuata nikarudia. Maji matupu.
Nikaongeza, kwa shingo upande:
"Si kila siku."

Mwaka huu kitabu kiko kwa Lusungu Chaula.
Chini ya jina la Ezekia sikuchimba langu.
Nimemwachia maneno yanayofutika:
"Usiniamini.
Toa sahani."