Pwani na Bara

Tanuri lilikuwa limegoma tangu Jumanne
na Jumapili kuna karamu.
Wakaniita mimi, Shekue wa vipuri,
nikashuka ngazi za ukumbi wa kanisa la Wakroatia, Hamilton,
theluji ikiyeyuka kwenye buti, sanduku la bisibisi begani,
nikakuta wanawake sita na mayai mia mbili
wananitazama kama daktari aliyechelewa.

"Kidhibiti joto kimekufa," nikasema. "Nipeni saa moja."

Saa moja ilitosha kuanzisha vita.

Maana nilitamka kwa mdomo wangu, nikiwa chali chini ya tanuri,
kwamba Juni naenda Tanga kumwona mama
na tiketi ya bei poa italala siku tatu Zagreb.
Basi. Nimemwaga mtama penye kuku.
Bi Nevenka akanyunyiza unga juu ya meza ya bati,
akachora kwa kidole nchi iliyopinda kama ndoana.
"Huku pwani. Anzia huku. Bara hakuna kitu."
Bi Marica, mtu wa bara, akaacha kupiga mayai.

Nami mtoto wa Tanga nikatabasamu gizani:
kumbe ugomvi huu una matawi hata huku.

Pwani, anasema Nevenka, utakula rozata,
mayai na maziwa yaliyoganda, yanatetemeka
chini ya sukari iliyoungua kidogo tu,
kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi.
Utakula maganda ya machungwa yaliyokaushwa kwa sukari.
"Maganda!" anacheka Marica. "Sisi tunatupia nguruwe."
Kisha kuna kisiwa ambako watawa huoka mkate mkavu
wa kuchovya kwenye kahawa ya maziwa,
na hawamwambii mtu wanatia nini.

Bara, anasema Marica, akichora juu ya mchoro wa mwenzake,
kuna kremshnita ya Samobor, ingali vuguvugu.
"Ukiletewa baridi, rudisha."
Na mkate wa jozi unaokunjwa kama mkeka,
jozi nyingi kuliko unga, la sivyo ni fedheha ya ukoo.
Na biskuti za pilipili manga.
Pilipili manga? Nikatoa kichwa.
"Na asali," akasema, kama anajitetea mbele ya kadhi.

(Majina nayaandika kama sikio lilivyoyapokea.
Sikio la fundi limezoea feni.)

Tanuri likashika moto saa nane na nusu. Hakuna aliyelitazama.
Nevenka alikuwa anachota donge kwa kijiko,
anadondosha kwenye mafuta, linavimba, linajigeuza lenyewe.
"Fritule," akasema.
"Kaimati," nikasema.
Kimya.
"Kai nini?"
Nikamweleza: Ramadhani, hamira, iliki, shira,
mama yangu Msambweni akichota kwa vidole.
Akasikiliza kama anayeambiwa ana dada asiyemjua.
Kisha akaitazama chupa ya pombe ya zabibu, akanitazama mimi,
akaifungia kabatini,
akakoroga bakuli la pili bila kusema neno.

Nilikula tisa. Nilipofika ya tano nikamwuliza
mara ya mwisho amekwenda lini.
Akajifuta mikono kwa aproni,
muda mrefu kuliko unga uliokuwapo.
"Sijarudi. Tuliondoka nina miaka miwili.
Haya yote mama alinisimulia jikoni, Mtaa wa Barton.
Rozata nimepika maisha yangu yote.
Sijui kama ndivyo inavyotetemeka kwao."

Ni Marica, yule mkali, aliyemsogezea kiti.

"Ukifika, onja," Nevenka akaniambia. "Ukirudi uniambie.
Hata kama nimekosea. Hasa kama nimekosea."

Halafu donge la jozi likatua juu ya meza,
juu ya pwani, juu ya bara,
na mikono kumi na miwili ikaanza kusukuma.
Risiti niliiandika ngazini: kidhibiti joto kimoja.
Penye ufundi sikujaza kitu,
kalamu ilikuwa inateleza kwa mafuta.