Nyuma ya Masanduku

Kwa upande wenu yana milango na vitasa.
Kwa upande wetu ni matundu tu,
mizinga isiyo na nyuki, safu juu ya safu,
nami napita na fungu la barua kwapani
nikisoma namba, si majina.
Miaka ishirini na sita, Posta ya Mwanza mjini,
sikuwajua watu kwa sura.
Niliwajua kwa mikono.

Mkono wa S.L.P. 618 ulikuwa mwembamba,
una kovu la pasi karibu na kidole gumba,
unanukia kitambaa kipya na mafuta ya cherehani.
Sanduku lilikuwa la babaye, Mzee Ng'wandu, fundi wa Makoroboi;
ufunguo Minza aliuchomoa kwenye koti
mzee akisinzia baada ya ugali.
Alikuja Jumatano na Jumamosi,
siku meli ya Bukoba iliposhusha magunia,
kabla hata sijamaliza kupanga.
Mara moja mimi natia, yeye anatoa:
bahasha nimeishika huku, ameishika kule,
akacheka ndani ya tundu.
Kicheko kile kilinifikia kama kimeandikiwa mimi.
Hakikuandikiwa mimi.

Mwandiko wa Byabato niliujua kuliko wangu:
herufi zimelala kama migomba iliyopigwa na upepo,
stempu kaibandika kichwa chini,
makusudi, nadhani. Wapendanao wana ushamba wao.

Januari ada haikulipwa.
Kanuni iko wazi:
tarehe mosi Machi badilisha kitasa,
barua zikae siku thelathini,
kisha zirudi zilikotoka.
Jumatano nikausikia ufunguo ukigoma.
Ukafutwa kwenye kanga, ukajaribiwa taratibu,
ukagoma.
Barua mbili zilikuwa humo humo,
shubiri moja kutoka vidoleni mwake.
Nenda dirishani, binti, ukaulize, niliwaza;
lakini dirishani huulizwa jina,
na jina la sanduku ni la baba,
na baba hakujua.
Ningeweza kuita kupitia bati.
Nilikuwa na watoto watano na muhuri mmoja.

Siku ya thelathini nikagonga: RUDISHA KWA MTUMAJI.
Chini yake pana nafasi ya sababu.
Niliandika: HAZIKUCHUKULIWA.
Neno la kweli kabisa.
Hebu lisome ukiwa Bukoba.

Mjumbe hauawi, walisema wazee.
Hawakusema kama naye haui.

Byabato hakungoja meli.
Wengine wasema ulikuwa mtumbwi wa wavuvi wa sangara,
wengine boti ya mkaa, injini mbovu,
wote wasema ilikuwa usiku.
Ziwa halikurudisha kwa mtumaji.

Minza, bila habari, alishona sare za shule hadi alfajiri,
akalipa ada kwa fedha yake,
akapewa ufunguo mpya, unang'aa kama jino.
Akafungua. Patupu.
Upande wa pili nikainama haraka
asije akaniona macho.

Wiki iliyofuata ikaja bahasha nyembamba,
mwandiko mgeni, umesimama wima kama askari.
Bukoba. Stempu imekaa sawasawa.
Stempu ile ndiyo iliyoniambia.

Kanuni yasema barua itiwe siku hiyo hiyo.
Nikaifungia kwenye mtoto wa meza,
mimi, ambaye sikuwahi kuchelewesha hata bili ya maji.
Jumatano mkono ukaingia, ukapapasa, ukatoka.
Jumamosi ukaingia, ukapapasa, ukabaki kidogo,
kiganja juu, kama wa mtu anayengoja chenji.
Siku hizo nilimpa Byabato hai.
Sikuwa na kingine cha kumpa.

Jumatano ya pili nikaitia.
Nikasimama pale pale, magunia hayajafunguliwa,
nikakisikia kitasa kipya.
Kilifunguka mara moja, bila shida yoyote.