Pengo la Mita Ishirini na Mbili

Kalamu ya kijani imekauka nikiwa Chikongola.
Nimeitikisa, nimeipulizia pumzi,
nimeandika jina langu pembezoni mwa karatasi
mpaka ikakubali kutema kidogo.
Kazi nilipewa kwa neno moja, mlangoni, bosi akiwahi kikao:
"Chitanda, unganisha."
Nini na nini, hakusema.

Nikaanza na mikoko.
Imepiga magoti kwenye tope la ghuba,
haina hati, haijui kiwanja ni nini.
Nikapanda na mfereji wa mvua
hadi kwa Bi Somoe Nampembe,
analima matembele ukingoni, pasipo pa mtu.
"Hapa nichore dimbwi au shamba?"
"Masika dimbwi, kiangazi shamba.
Huna rangi mbili?"
Nikaweka rangi mbili.

Kabatini kuna ramani ya enzi za karanga,
imeliwa na mchwa upande wa kusini.
Walioichora walikuwa wanangoja jiji:
barabara pana, ungedhani ndege zitashukia,
na kati ya mtaa na mtaa nafasi tupu
zenye neno moja tu, BUSTANI.
Jiji lilichelewa. Karanga zilikataa.
Mikorosho ndiyo iliyokuja, haikualikwa,
ikakaa juu ya neno lile ikazaa.
Kisha gereji. Kisha vibanda vya chipsi.
Kisha sisi, wenye barua za kugawiwa,
na mihuri mibichi.

Leo kijani cha Mtwara ni viraka.
Nimevihesabu: sitini na tatu,
ukitoa makaburi, ambayo Diwani
hataki yaitwe bustani.

Usiku nilikwenda kwa Dadi, mlinzi wa shule.
Ana daftari la magari yanayoingia,
na humo, kati ya lori la mchanga na gari la mkaguzi,
ameandika kwa mwandiko wa kuchonga:
*Saa nane kasoro. Komba wawili. Wamekwama.*
Kurasa nne nyuma: *Komba mmoja. Waya. Amekufa.*

Tukawangoja. Wakaja kwa juu,
mkorosho hadi mkorosho, macho kama makaa,
wananukia mabibo.
Watu husema mlevi kama komba;
hawa walikuwa wazima kabisa,
wamesimama ncha ya tawi la mwisho
wakipima hewa kwa shingo.
Mbele yao ukuta, vigae vya chupa juu yake,
na ng'ambo, mbali, mwarobaini wa jirani.

Dadi akanyamaza. Anaujua ukuta ule.
Chupa zile nilizivunja mwenyewe,
za soda, za harusi ya dada yangu.
Mkorosho uliokuwa hapo niliuangusha mimi
kwa sababu ulikuwa unachafua bati.

Ofisini niliukunja mstari mara tatu
upite nje ya kiwanja changu.
Mara ya kwanza ukaangukia barabarani,
ya pili kwenye transfoma,
ya tatu karatasi ikatoboka kwa kufutwa.
Nikapima kwa rula pale palipotoboka:
mita ishirini na mbili.

Mke wangu aliitazama ramani akiwa na mwiko mkononi.
"Huo mstari unapita jikoni?"
"Unapita uani."
"Na kamba yangu ya kuanikia?"

Mche wa mkorosho nimeuchimbia shimo.
Miaka mitatu, wanasema, ukiwa na bahati.
Komba hawajui miaka mitatu.
Basi Jumapili nikapanda ngazi, majirani wakicheka,
nikafunga kamba ya usumba, nene,
kutoka tawi la mwisho la shule hadi kwenye mwarobaini,
mbali na waya, juu ya chupa zangu,
ambazo nimeanza kuzing'oa, moja moja, kwa patasi.

Kwenye ramani nimeweka nukta, si mstari.
Bosi ameuliza nukta ni nini.
Nimemwambia ni kamba.
Ameuliza kamba ya nani.

Jana Dadi amenionyesha daftari:
*Saa tisa na robo. Kamba imetikisika.*
Halafu amekata maneno mawili, na juu yake ameandika:
*Upepo haukuwepo.*