Lita Arobaini

Oruro, mita elfu tatu na mia saba juu,
hatuna pwani. Wazee wetu walikuwa nayo, vita vikaichukua.
Mimi nina lita arobaini
kando ya cherehani ya Nikanora,
maji niliyoyakoroga mwenyewe kwa mwiko wa supu
na chumvi ya mfuko. Hewa ni haba hapa, hata kwa samaki;
pampu haizimwi.

Ndani: samaki mmoja wa rangi ya chungwa, Zenobio,
konokono watatu,
na tumbawe dogo, ngumi ya mtoto aliyelala.

Agosti kioo kikaota ndevu.
Kijani laini kwanza, karibu kizuri,
kisha nyuzi ndefu zikaikaba pampu koo.
Nikasugua kwa kadi ya basi iliyokwisha muda wake.
Kesho yake zimerudi.

Miaka ishirini na sita nilichimba bati gizani.
Vumbi lililomo kifuani mwangu hadi leo
halikuwahi kubisha hodi.
Basi nikapima: matone saba, tikisa, subiri.
Nitrati, wekundu wa divai.
Fosfeti, buluu ya sare za shule.
Nikailaumu taa, nikaipunguzia saa tatu.
Nikayalaumu maji ya bomba, nikanunua chujio.
Nikawalaumu konokono kwa uvivu, Mungu anisamehe.
Kila Jumapili natoa lita nne, narudisha nne,
na rangi kichupani imekaa palepale kama mdai.

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema.
Hawakusema kibaba cha nini.

Usiku mmoja kikohozi kikaniamsha.
Nikamkuta Nikanora, shali mabegani,
ameinama juu ya maji, vidole vitatu vimebana chakula:
Kula, baba. Yule mzee bahili.
Na mimi alfajiri, kabla hajaamka,
nilikuwa nampa mara mbili.
Hatukugombana. Tulicheka hadi nikakohoa tena.

Kisha, kwa aibu, tukazidisha toba.
Chakula siku moja kwa tatu. Taa nusu.
Kifuko cha kunyonya fosfeti nyuma ya chujio.
Kichupa kikatoka cheupe: sifuri, sifuri.
Nikamwita Saturnino wa jirani aje aone.

Wiki ya tatu tumbawe likapauka, likajikunja.
Kamasi ya kahawia ikatanda mchangani,
imefungia mapovu madogo madogo.
Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza,
na mimi nimewalea wote wawili
katika tangi moja.

Sasa kuna kifungo chekundu, cha vazi la karnivali
lisilokwisha kushonwa.
Kikiwa kushoto mwa tangi, Zenobio hajala.
Kulia, ameshakula, mkono mfukoni.
Kioo cha nyuma nimekiacha na kijani chake;
konokono nao ni wageni wangu.
Tumbawe limefungua vidole viwili.

Leo asubuhi nimeamka mapema.
Kifungo nimekikuta katikati.