Chanzo cha Moto

Daftari la kamati ya msitu lina safu saba.
Tarehe. Mahali. Saa ulipoonekana.
Waliozima. Ukubwa wa eneo. Vilivyoteketea.
Ya saba imepigiwa mstari kwa wino mwekundu:
Chanzo.

Nimejaza sita.

Hapa Mtende ardhi si ardhi,
ni jiwe ambalo bahari ililisahau juu,
na udongo wake ni wa kuchota kwa kijiko,
umejificha mashimoni kama sarafu za kibubu.
Hapo ndipo mkaaga uliposhika, na msiliza,
mizizi imepenya nyufani
kama mkono wa mtu anayetafuta ufunguo gizani.

Mgeni hudhani moto hukimbia juu.
Wetu hushuka.
Hula majani, ukachoka nayo,
ukainama, ukaingia shimoni,
ukajilaza juu ya mboji ya miaka mia
na kula kimya, kama mgonjwa anayekula usiku
watu wakishalala.
Siku ya tatu unamwaga ndoo ya mwisho, unasema Alhamdulillahi.
Siku ya tano mkaaga wenye majani mabichi
unaanguka wenyewe.

Tulikwenda thelathini na moja.
Wanawake wa mwani walipanda na magunia yanayotona maji ya chumvi.
Skuli ilifungwa saa nne.
Zuwena wa Misitu akachora mstari kwa kisigino:
"Kateni hapa. Hiki tunaupa, ili usile kile."
Kisha akawasha moto kwa mkono wake mwenyewe,
nasi tukamtazama kama aliyerukwa na akili.
Moto mdogo ukaenda kumlaki mkubwa,
ikakutana kama mahasimu mlangoni mwa msikiti,
ikakosa la kusema,
ikazimika.

Upande wa mashariki haukusubiri mstari.
Kaskazi iliubeba.
Paa nunga mmoja akatoka moshini,
akasimama katikati yetu, ubavu unatweta,
asijue amkimbie nani kwanza.
Hakuna aliyeinua panga,
hata Mcha, ambaye nyavu zake tunazijua.

Vilivyoteketea: ekari kumi na tisa,
mtama wa Bi Subira,
pelele, idadi haikupatikana
(pelele hukwea; moto hukwea nyuma yao),
na konokono, magamba meupe
yakivunjika chini ya viatu kama vikombe vya harusi.

Vuai, ndugu yangu wa ziwa moja,
usiku wa kuamkia moto ulirudi
na nyuki mfu ndani ya ukosi,
ukaniachia bakuli juu ya kinu, umelifunika kawa.
Nililamba kidole.
Shati lako lilinuka makumbi.
Sikuuliza.

Mwenge wa makumbi hauzimwi kwa kukanyagwa,
baba alitufundisha sote wawili:
hutoswa majini mpaka ukome kulalamika,
kisha hushikwa kwa kiganja kitupu.
Maji ulikuwa nayo?
Au uliyanywa?
Watu husema moto huzaa jivu.
Mimi na wewe, tazama.

"Sitafuti wa kumfunga," Zuwena anasema mkutanoni.
"Nataka kujua: ni mkaa, ni shamba, au ni asali?
Kila kimoja kina dawa yake.
Mkiniandikia hakijulikani,
mwakani tutapigana tena na kitu kisicho na jina."

Asubuhi nilipita huko.
Mchengele umechipua kisikini,
vichomozo vyekundu kama ufizi wa mtoto.
Mkaaga, bado.
Jiwe limegeuka chokaa, likigusika linakufuata nyumbani.

"Katibu, umemaliza?" anauliza sheha.
Naandika neno moja: Asali.
Safu ni nyembamba.
Imebaki nafasi ya herufi nne.

Nageuza daftari,
nalisukuma upande wa benchi lako.
Kalamu haina kifuniko.