Sikio la Kushoto

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu
ilikuwa bahasha. Peni tatu kila Jumamosi.
Kutoka darini kwa Bwana Tuschl hadi chumba cha habari
ilikuwa mitaa sita. Baada ya Mei ikawa mitaa minne
na marundo mawili ya matofali.
"Usiikunje," alinionya. "Mvua ikinyesha ifiche tumboni,
wino wangu hauna mwavuli."
Kiingereza chake kilichechemea;
kalamu yake ilitembea wima.

Mama alimpangisha dari kwa sababu hapakuwa na mwingine
aliyetaka kulala karibu hivyo na mabomu ya Hull.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
yeye alipewa cheti. Mgeni adui.
Marufuku baiskeli. Marufuku ramani. Marufuku kamera.
Kila Jumatatu aripoti kwa Sajini Ombler,
ambaye aligonga muhuri kwa hasira ya serikali,
akatazama mlango,
kisha akachomoa gazeti la jana chini ya meza
na kuomba saini.

Majenerali wa kule kwao aliwachora majiko,
medali kifuani, mlango wa tumbo wazi,
wakidai makaa zaidi.
Waziri wao akawa birika:
mluzi mwingi, maji yalishakauka.
Tulicheka mahandakini, midomo ikicheka,
masikio yakiwa juu, kwenye ngurumo.
King'ora kilipolia yeye hakushuka.
"Mkono ukitetemeka," alisema, "nachora bahari."

Lakini nilichungulia bahasha, naungama,
na mtoto huhesabu asichotumwa kuhesabu.
Kila askari wake, mnene, mwembamba,
anayekimbia, anayelala usingizi lindoni,
alikuwa na sikio la kushoto lililochanika.

Mhariri, Bwana Harbottle, alitaka nguruwe.
"Wasomaji wamefiwa, Emmerich. Wape nguruwe.
Kofia ya chuma, na chini yake pua."
Akachora nguruwe. Nikafungua bahasha
nyuma ya duka la samaki lililoungua:
nguruwe saba,
masikio saba ya kushoto, yote yamechanika.

Nilimuuliza. Alifuta nibu kwa pindo la shati,
akaifuta tena, ilhali ilikuwa safi.
"Mbwa wa jirani. Poldi alikuwa na miaka sita,
mimi tisa. Mpira uliingia uani.
Mimi ndiye niliyemtuma."
Akachovya wino.
"Sasa kavaa kofia ile. Nchi kavu au angani, sijui.
Kila wiki namtuma tena."

Usiku mmoja ndege yao ilianguka
mashambani, upande wa Holderness. Maiti wanne.
Bwana Tuschl hakuwa na kibali cha kuvuka mpaka wa mji.
Alisimama mbele ya Sajini, kofia mkononi,
akatafuta neno la Kiingereza, akalikosa,
akagusa sikio.
Sajini akapanda baiskeli.

Alirudi jioni, matope hadi magotini.
Hakuketi.
"Yote mazima," alisema. "Nimeyatazama yote manane."
Tukasimama jikoni, hatujui
kama hiyo ni habari ya kushukuru.
Walikuwa wanne, nao walikuwa na mama zao.
Mama yangu akamimina chai, ikafurika kikombe,
asiione.

Usiku huo alichora bila kofia, bila pua ya nguruwe:
ua wa mbao, mpira, mbwa,
na mtoto aliyegeuza shingo nyuma
kumwuliza mtu asiyeonekana, niende?

Bwana Harbottle aliitazama kwa muda mrefu kuliko zote.
"Katuni gani hii? Mwambie sikuiona."
Nami kwa mara ya kwanza nikavunja amri,
nikaikunja mara moja, nikaitia tumboni.
Hapakuwa na mvua.

Ninayo bado. Karatasi imekuwa rangi ya chai.
Mkunjo wangu umepita wima
kati ya mbwa na mtoto,
na mpaka leo mbwa hajavuka.